Mistari Thelathini na Mmoja

Ilikuwa mwaka 2023, mwezi Juni, kipupwe kilipokuwa kimeanza na shule zimefungwa kwa likizo. Asubuhi za Gerezani zilikuwa na ubaridi wa kutosha kuwafanya mafundi wa karakana wavae makoti ya mitumba, nao watoto wa Kariakoo, waliozoea joto mwaka mzima, walitembea wamejikunyata kana kwamba wamehamia Rombo.

Severa Kasmir hakujikunyata. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na kila siku ya likizo alikwenda dukani kwa mama yake mdogo, Jacqueline. Lilikuwa duka dogo la steshenari, lililobanwa baina ya muuza springi za magari na fundi wa redieta. Ilipotimu saa mbili Severa alikuwa amekwisha kufagia, kupangusa vumbi juu ya mashine ya kutoa kopi, na kuzipanga kalamu kwa rangi zake. Kisha alikaa mbele ya kompyuta na kungoja kazi, kama daktari angojavyo wagonjwa.

"Mtazameni," mama mdogo alipenda kuwaambia wateja. "Vidole vyake vina mbio kuliko vyangu. Ana kasoro moja tu: hapendi kuambiwa amekosea."

"Kwani nimekosea lini, mama mdogo?"

"Haya, mmesikia wenyewe."

Wiki hiyo palikuwa na kazi kubwa. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja katika zahanati moja ya mtaani kwa siku tano, kuanzia Jumatatu, kuwapasua bure watu wenye mtoto wa jicho. Wajumbe watatu wa mtaa walipita nyumba kwa nyumba na kuandika majina katika madaftari, na mama mdogo akapewa kazi ya kuyachapa. Watu walikuwa mia moja themanini na sita. Kila mtu alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulibeba mambo matano: jina, umri, namba ya simu, mahali anapoishi, na jicho linalomsumbua. Baina ya jambo moja na jingine waliweka alama ya mkato, kama karatasi ya maelekezo ilivyoagiza. Faili likikamilika, lingepakiwa kwa mtandao katika kanzidata ya zahanati, yaani ghala la kompyuta ambamo taarifa hupangwa katika jedwali, kila taarifa katika safu yake.

Zahanati ilikuwa imetamka wazi kwamba orodha itafungwa Jumamosi, saa kumi jioni. Asiyekuwamo angesubiri mpaka madaktari warudi, wala hapakuwa na mtu aliyejua watarudi lini.

Alhamisi adhuhuri walimaliza kuchapa, na madaftari yakarudishwa kwa wajumbe. Mama mdogo alikuwa na safari ya kwenda Buguruni kwa fundi wa printa.

"Lipakie faili," alimwambia Severa huku akijifunga kitenge. "Ukikwama, nipigie simu. Usibuni."

"Sitakwama, mama mdogo."

Alikwama papo hapo. Alipobonyeza kitufe cha kupakia, maandishi mekundu yalijitokeza kwenye kioo: *Mstari wa 12 umekataliwa. Safu zinazotakiwa: 5. Zilizopatikana: 7.* Faili zima lilikuwa limerudishwa, kama mgeni asiye na mwaliko.

Severa alikuwa ameinamia kioo hicho wakati Amira alipochungulia mlangoni. Amira alikuwa rafiki yake wa darasani, binti wa mama aliyeuza chapati na maharage katika uchochoro wa mafundi.

"Mambo?"

"Poa."

"Rede inaanza, tumepungukiwa mtu mmoja. Wale wa Mtaa wa Lindi wanasema tumewaogopa."

"Nipe dakika tano."

Amira aliyaona maandishi mekundu. "He! Leo kompyuta imekushinda?"

"Nani amesema? Haijazaliwa ya kunishinda mimi."

Majivuno hayo ndiyo yaliyomponza. Mstari wa 12 ulikuwa na nini? Severa hakuutazama. Aliufuta, akapakia tena. Mashine ikalalamikia mstari mwingine, naye akaufuta huo pia. Ikalalamika tena, akafuta tena, na kila alipofuta mkono ulizidi kuwa mwepesi. Mwishowe maandishi ya kijani yalitokea: *Mistari 155 imepokelewa. Hakuna kosa.* Alilihifadhi faili lile, akafunga mlango, akakimbilia mchezo wa rede. Siku hiyo watoto wa Mtaa wa Lindi walishindwa vibaya.

Jioni mama mdogo alirudi amechoka, printa kwapani.

"Faili limeingia?"

"Mashine imesema hakuna kosa, mama mdogo."

Lilikuwa jibu la kweli, ila ukweli wake ulikuwa umekatwa miguu. Mama mdogo alimpapasa kichwa, akamnunulia soda.

Kesho yake, Ijumaa, mama mdogo alikuwa nje akibishana na mteja juu ya bahasha wakati hodi ilipopigwa mlangoni.

"Hodi, wenyewe!"

Alikuwa Bibi Siti. Hapakuwa na mtu Gerezani asiyemfahamu Bibi Siti, mshonaji wa kofia za viua, ambaye kazi yake ilivaliwa na mabwana harusi wa mji mzima. Mwaka huo ukungu wa jicho la kushoto ulikuwa umemwachia mwanga kidogo tu, na wa jicho la kulia haukuwa umemwachia kitu.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ni nani huyo, Severa? Ninaona kivuli tu. Kama ni jini, useme mapema."

Severa alicheka. Bibi Siti alikuwa ameleta kitambulisho chake kitolewe kopi, maana zahanati ilitaka kila mgonjwa afike nayo. Alipokuwa akiipokea kopi hiyo, aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana ana wasiwasi:

"Na jina langu limo humo ndani ya kompyuta yenu?"

"Ngoja nitazame, bibi."

Severa alilitafuta. Akalitafuta mara ya pili. Kisha akahisi baridi ya kipupwe, ambayo hakuwa ameihisi tangu mwezi uanze, ikimpanda mgongoni. Jina halikuwamo.

"Limo, bibi," alisema.

"Alhamdulillahi." Bibi Siti alikaa kwenye benchi, akatoa kofia aliyokuwa ameishona nusu, na kijaluba cha sindano. "Basi nitungie uzi sindano tano, mjukuu wangu, nipate kujikongoja nazo mpaka hiyo Jumatatu. Miezi minne sasa ninawaomba wapita njia wanitungie. Juzi nimemsihi bwana mmoja, bwana hajibu, hajibu, nikamshika bega. Kumbe ni nguzo ya umeme!"

Alicheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Severa alitunga sindano ya kwanza. Akatunga ya pili. Ya tatu ilimshinda; mara tatu uzi ulipita kando ya tundu. Alimtungia hivyo hivyo mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfuta, mpaka zikatimia tano.

Bibi Siti alipokwisha kuondoka, mama mdogo aliingia na kumkuta Severa amesimama katikati ya duka.

"Una nini? Unaumwa?"

"Mama mdogo, Bibi Siti hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Katika orodha. Mimi ndiye niliyemfuta. Yeye na wengine thelathini. Mashine ilikuwa ikiwakataa, nikawaondoa ili iwakubali waliobaki. Na bibi nimemwambia yumo." Hapo kilio kikamshika.

Mama mdogo hakumpigia kelele. Alivuta kiti, akakaa, akamvuta Severa naye akae.

"Wewe umekosa mara mbili," alisema, "na mimi nimekosa mara moja. Nilikuuliza kama faili limeingia, sikuhesabu. Tulichapa watu mia na themanini na sita kwa mikono yetu. Kuhesabu kungenichukua dakika moja. Futa machozi. Hashimu yuko kazini mpaka saa ngapi?"

Hashimu alikuwa mtunza kanzidata wa zahanati. Mama mdogo alimpigia simu, akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Dada Jacqueline, kabla hatujatafuta dawa, tuujue ugonjwa," sauti ya Hashimu ilisema. "Nisomeeni mstari mmoja kati ya iliyokataliwa."

"Tumeifuta," alisema mama mdogo.

"Mmeifuta?" Hashimu aliguna. "Basi uandikeni upya mmoja mnaoukumbuka."

Severa aliandika habari za Bibi Siti, akisoma kwa sauti: jina, umri, simu, kisha mahali anapoishi. "Gerezani, nyuma ya karakana ya redieta, mlango wa kijani." Mwisho: kulia.

"Hesabu mikato."

"Moja, mbili, tatu ..." Severa alirudia tangu mwanzo. "Sita."

"Mambo matano hutenganishwa na mikato mingapi?"

"Minne."

"Umeona? Mashine haimjui Bibi Siti wala mlango wake. Inachojua ni kukata kila inapokuta mkato. 'Gerezani' imeiweka penye makazi. 'Nyuma ya karakana ya redieta' imedhani ndilo jicho linalouma. Mlango wa kijani na jicho lenyewe vikakosa mahali pa kukaa."

Mama mdogo alijishika shavu. Nani Kariakoo aliyewahi kutaja namba ya nyumba yake? Ukimwuliza mtu anakoishi, atakupa mtaa, atakupa duka la jirani, atakupa na rangi ya mlango, ili usipotee. Huo ndio ukarimu wa mahali pale, na ukarimu huo ndio uliokuwa umeiziba njia.

"Tumieni kitenganishi kingine," Hashimu aliendelea. "Wekeni mstari wima, ile alama iliyosimama kama fimbo. Hakuna mtu anayeandika mstari wima anapoeleza nyumba yake. Na yule asiye na simu, nafasi yake ibaki tupu, lakini ibaki, msiiruke. Tena wakagueni na hao mia na hamsini na tano. Mashine kukubali si ushahidi kwamba mambo ni sawa."

Waliwakagua. Mtu wa arobaini na tatu alikuwa Mzee Augustino, aliyeishi juu ya duka la mabegi. Hakuwa na simu, na walipomchapa walikuwa wameiruka nafasi hiyo. Anwani yake ilikuwa na mkato mmoja wa ziada. Pengo moja na ziada moja vikafanya hesabu kamili ya tano, na mashine ikampokea bila kunung'unika. Katika safu ya simu paliandikwa "Mtaa wa Sikukuu".

"Ungeupigia Mtaa wa Sikukuu," mama mdogo alisema, "ungepokea?"

Severa alicheka huku pua ikichuruzika. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu sindano zile. Lakini mistari thelathini na mmoja haikuwapo popote isipokuwa katika madaftari, na madaftari yalikuwa kwa wajumbe.

"Mimi nitayarekebisha haya mia na hamsini na tano," alisema mama mdogo. "Madaftari utayafuata wewe, kesho asubuhi. Na kila mjumbe utamwambia sababu."

Jumamosi alfajiri Severa alikwenda kwa Amira, kwa kuwa hakuthubutu kuwaendea wajumbe peke yake. Alimkuta akiteka maji ya kuoshea vyombo.

"Leo? Jumamosi?" Amira alitoa macho. "Mafundi wote wa Gerezani wanakula kwetu Jumamosi. Vyombo vinajaa mpaka barabarani. Mama ataniua."

"Nitafanya lolote utakalo, Amira."

Amira alifikiri, kisha akaingia ndani kunong'ona na mama yake. Alitoka akifuta mikono kwenye gauni. "Leo mama ataosha mwenyewe. Lakini Jumamosi hii nimekukopesha, usidhani nimekupa. Ijayo ni yako, tangu sahani ya kwanza mpaka sufuria la mwisho."

"Nimekubali."

Mjumbe wa kwanza, mama mmoja wa Mtaa wa Swahili, alitikisa kichwa kwa masikitiko na kuwapa daftari. Wa pili alikuwa safarini; Severa alimweleza mkewe sababu, naye akawapa lake. Wa tatu, Mzee Abdulkadiri, muuza nati na bolti, alilikalia daftari hilo kama kuku akaliavyo mayai.

"Juzi mmelirudisha, leo mnalitaka. Mnacheza?"

"Shikamoo, babu," Amira alidakia upesi. "Ni kompyuta, babu. Imeharibi—"

"Hapana," Severa alimkatiza. "Haikuharibika, babu. Nilifuta majina mimi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza."

Mzee Abdulkadiri aliiweka chini bolti aliyokuwa akiipaka mafuta. "Umenifutia watu wangapi?"

"Sijui, babu. Ndiyo maana ninaomba daftari."

"Na mimi mwenyewe nilikuwamo. Jicho la kushoto. Nami umenifuta?"

Severa alipitisha kidole katika karatasi aliyokuwa nayo, yenye orodha ya wale mia na hamsini na tano waliobaki, akakipitisha tena. Alitamani sana kulipata jina hilo.

"Nawe, babu. Nisamehe."

Amira alifumba macho akingoja radi. Mzee alimkazia Severa macho yake yenye ukungu, kisha akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa hapo. Utanakili mbele yangu, na uanze na mimi." Alipoinuka kwenda kumhudumia mteja, walimsikia akimwambia: "Mtoto mkorofi yule, lakini hasemi uongo. Siku hizi ni bidhaa adimu kuliko nati za Peugeot."

Saa nane walikuwa dukani. Severa alisoma, Amira alilinganisha, mama mdogo alichapa, na mistari wima ikasimama baina ya mambo kama nguzo za ua. Hashimu, upande wa pili wa simu, alikuwa ameiondoa orodha ya kwanza ili mtu asiandikwe mara mbili. Saa tisa na robo mama mdogo aliinuka kitini.

"Pakia wewe."

Severa alibonyeza. Maandishi mekundu yakatoka: *Mstari wa 170 umekataliwa. Safu zinazotakiwa: 5. Zilizopatikana: 4.*

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Alikiona kipo pale, akakiondoa. Aliufungua mstari wa 170, akausoma neno kwa neno. Alikuwa bibi mmoja wa Mtaa wa Nyamwezi asiye na simu, ambaye nafasi yake tupu ilikuwa imerukwa. Akamrudishia nafasi yake, akapakia tena.

*Mistari 186 imepokelewa.*

Amira aliruka na kushangilia, lakini Severa hakuruka. "Tuhesabu kwanza," alisema. Walihesabu. Walimtazama wa kwanza, walimtazama wa mwisho, kisha wakawatazama mmoja mmoja wale thelathini na mmoja, mpaka Bibi Siti, jicho la kulia, mlango wa kijani.

Ilibaki safari moja, iliyokuwa fupi kuliko zote na nzito kuliko zote. Jioni ile mama mdogo alimsindikiza mpaka penye mlango wenyewe wa kijani, akasimama nje. Severa aliingia, akapiga magoti, akaeleza yote: kufuta, na uongo wa Ijumaa.

Bibi Siti aliichomeka sindano katika kofia, akaiweka kando.

"Kumbe nilikuwa nimekufa siku mbili, nami sina habari!" alisema. "Wala sikusomewa hata khitma! Na leo nimefufuka?"

"Umefufuka, bibi. Nimekuangalia mara tatu."

"Njoo hapa." Alimvuta sikio, kwa nguvu kiasi cha kuuma, kisha akamkumbatia. "Hilo sikio ni la uongo. Hili kumbatio ni la kuja mwenyewe."

Walipokuwa wakirudi kwa miguu, mama mdogo alisema: "Severa, mashine ilipokataa haikuwa ikikutukana. Ilikuwa ikikuuliza swali. Wewe ulilifuta swali, ukadhani umejibu. Utakuwa mtu mzima, utafanya kazi za watu, na mara nyingi utakutana na kitu kisichoingia mahali pake. Kisome kwanza. Kila mstari ni mtu. Na ukikosea, sema mapema, wakati makosa bado yana tiba; mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na mimi nitahesabu."

Jumanne Bibi Siti alipasuliwa jicho la kulia, na Mzee Abdulkadiri akapasuliwa la kushoto siku iliyofuata.

Jumamosi iliyofuata mafundi wa Gerezani walikula chapati na maharage kama kawaida yao, yaani bila huruma kwa mwosha vyombo. Severa alikuwa amechutama uchochoroni mbele ya beseni, mikono imezama povuni mpaka viwikoni. Amira alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, miguu ameikunja, akila muwa.

"Sahani hiyo ina mafuta."

"Nimeiona."

"Na vijiko?"

"Arobaini na viwili. Nimevihesabu."

Mama Amira alitoka jikoni na sufuria kubwa la maharage, lililoungua chini mpaka likawa jeusi, akalitua mbele ya Severa. Amira aliteremka kutoka juu ya ndoo, akanyoosha mkono kulishika.

"Hilo niachie, ni gumu," alisema.

"Tulisema mpaka sufuria la mwisho," Severa alijibu. Akalivuta upande wake, akachota mchanga, akaanza kusugua.